Taa Yetu ya Kofia Tatu

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Siku ya nane ya kuwa mke wa Walter. Naandika tena kwa raha tu: mke wa Walter. Asubuhi alifika langoni akarudi kunibusu, eti amesahau kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati! Niliiona.

Jioni tulifungua zawadi zilizobaki. Chupa za chai tisa. Tisa! Watu wetu wanadhani ndoa ni kiu. Trei nne zenye picha ya swala yuleyule. Maua ya plastiki ambayo hata nyuki mlevi hawezi kutua juu yake. Saa ya ukutani iliyokufa ndani ya karatasi yake.

Halafu boksi la Bwana Sorensen. Huyu ni yule mtaalamu wa maziwa, Mdenmark, ambaye Walter amemfanyia kazi ya ukarani miaka mitatu. Alirudi kwao wiki moja kabla ya harusi, akatuachia zawadi ofisini. Walter alidhani ni vyombo.

Ni taa! Lakini ni taa gani — sijawahi kuona kitu kama hiki hata katika magazeti ya kina dada wa shuleni. Inaning'inia kutoka darini kwa fimbo ya shaba. Kwenye fimbo kuna kofia tatu za bati jepesi, nyeupe nje, rangi ya chungwa ndani. Kila kofia ina waya wake na kijipira kizito cha kuisawazisha. Ukiivuta inashuka mpaka karibu na sahani. Ukiisukuma kwa kidole inapanda, na inakaa palepale ulipoiachia. Shingo zinageuka. Kila moja ina swichi yake ndogo. Anayesoma anashusha ya kwake, anayesinzia anapandisha ya kwake. Aliyeibuni alijua kwamba watu wawili wanaweza kupendana sana na bado wasitake mwanga mmoja.

Walter alisema itakaa juu ya meza. Yeye upande huu na gazeti, mimi upande ule na mazoezi yangu ya taipu. Darasa linaanza tarehe mbili Septemba, hapahapa mjini Kisii, nimeshaandikishwa. Alikubali haya yote kabla hajaleta ng'ombe hata mmoja kwetu: tutaishi mjini, nitajifunza taipu, nitafanya kazi ofisini. Wanaume wangapi husema hivyo? Mmoja! Nami ninaye.


Jumatano, 7 Agosti

Jirani yetu Persis amekuja kuona taa, ambayo kwa sasa tumeitundika kwenye msumari ukutani ikimngoja fundi. Hakuja kuona, alikuja kuhukumu.

Mumewe anafanya kazi benki, kwa hiyo kila kitu chake kina maneno ya benki. Sebuleni kwake ana taa ya mrija, ile ndefu nyeupe, inayofanya wageni wote wafanane na maiti walioshwa vizuri. Hapo ndipo huketi akijiona malkia.

Aliigeuza kofia moja mara mbili, akauliza kwa nini ni tatu wakati macho ni mawili. Nikasema ni kwa ajili ya watu wa nyumbani. Akasema basi nizae haraka, moja haina mtu. Akacheka peke yake, meno yote nje.

Akaivuta ikashuka. Akapiga yowe, akadhani ameivunja. Nilipoirudisha kwa kidole alisema taa hii ina ugonjwa, haitulii mahali pamoja, na kitu kisichotulia hakifai nyumbani kwa Mkristo.

Mlangoni akauliza naenda lini Nyaramba kwa mama mkwe. Nikasema siendi, mimi ni wa hapa. Alinitazama kama mtu aliyeona mtoto anacheza na wembe. Yeye alikaa kwa mama mkwe mwaka mmoja na nusu, alisema, akachuma chai mpaka kucha zikawa nyeusi, ndipo akaruhusiwa kumfuata mume mjini. Kila mtu hukaa.

Mimi si kila mtu. Nilipomsimulia Walter alicheka, kisha akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Ana mikono mizuri.


Alhamisi, 8 Agosti

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Fundi wa stima alikuja kufunga taa. Anaitwa Manasseh, anasifiwa soko zima, ana kofia ya chuma kama mtu wa mgodi. Nilimwacha na kazi nikaenda kununua mboga. Saa moja tu!

Nimerudi, taa iko juu. Amepigilia misumari darini kama mtu anayejenga banda la kuku. Misumari! Lakini hilo si kitu. Alikuta kofia zinapanda na kushuka, akaona ni kasoro ya kiwandani. Kwa hiyo ametengeneza. Amefunga kila waya fundo kubwa, juu yake akazungusha utepe mweusi, na shingo zile zinazogeuka amezikaza kwa waya wa ua. Kofia tatu zimesimama zikitazama mbele kama watoto wa chekechea wanaopigwa picha. Ameshuka kwenye stuli, anajifuta jasho, ananitangazia kwamba sasa haichezi tena. Na haongezi malipo kwa hilo, amenifanyia kwa hiari.

Kisha akawasha. Ulisikika mlio kama mtu anayekata karatasi, harufu ya nywele zilizoungua, na nyumba nzima ikazima. Fyuzi imekwenda. Alisema basi, taa za Wazungu haziupendi umeme wetu.

Umeme wetu! Kana kwamba tunaukama sisi.

Walter amebadilisha fyuzi, na taa tumeiacha imezimwa. Inaning'inia na mafundo yake matatu kama mtu mwenye rovu. Walter aliniambia nisilie, baba yake mwenyewe ni fundi wa stima, alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, hakuna anayemfikia. Nikauliza basi kwa nini hatukumwita yeye. Walter alinishangaa. Mzee hawezi kuingia nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni.

Naijua chinsoni, nimezaliwa nayo. Baba mkwe na mke wa mwanawe ni watu wa kuoneana haya: haingii katika nyumba yake, hamtazami, hampi kitu mkononi. Lakini huu ni mwaka 1974. Mtu anayeweza kututengenezea taa yuko hai, ana afya, na tunakaa gizani kwa sababu ya haya!


Jumapili, 11 Agosti

Tumerudi kutoka Nyaramba. Tulikwenda Ijumaa kabla ya jua kutua, tukaikuta Sabato mlangoni. Kanisani nilikaa na wanawake. Walinipima kiuno kwa macho, kulia na kushoto.

Mama mkwe, Mama Nyanchera, ni shemasi. Anatembea kama anabeba Biblia hata asipoibeba. Haniiti Drusilla. Ananiita mokamwana, mke wa mwana, kama mtu anavyoita jembe kwa kazi yake.

Leo asubuhi, Sabato ikiwa imekwisha, alitoa amri zake tukinywa chai. Kwanza: mke wa mwana wa kwanza hujifunza nyumba kwa mama. Nitakuja kukaa Nyaramba, chai inahitaji mikono, mpaka nipate mtoto wa kwanza. Pili: taa nayo ije. Amesikia habari zake. Kitu cha heshima namna ile hakikai katika nyumba ya kupanga, kitundikwe hapa sebuleni, wazee wa kanisa wakija wakione.

Nyaramba hakuna stima! Haipo hata nguzo moja! Nilisema hivyo, kwa adabu. Akanijibu kwamba picha ya ukutani nayo haiwaki, na watu huitazama.

Basi taa yangu ining'inie pale imekufa, kati ya kalenda ya kanisa na cheti cha mbuzi bora cha mwaka 1959! Na mimi chini yake, nimekufa vilevile, kikapu cha chai mgongoni!

Nilimtazama Walter. Alikuwa anamenya ndizi. Aliimenya polepole mno, uzi mmoja mmoja. Nimefikiri njia nzima: ni heshima kwa mama yake. Mtoto mwenye adabu hambishii mama mbele ya mkewe. Atamwambia faraghani. Alimwita nyuma ya zizi kabla hatujaondoka, wakaongea. Niliwaona. Walter wangu!

Baba mkwe, Mzee Obadiah, sikumwona ila mgongo. Nikiingia uani, anatokea upande wa pili. Nikienda kisimani, anaacha njia anapita katikati ya migomba, ananikwepa kama mbwa mwenye kichaa. Mzee mzima na koti lake, majani ya migomba yanampiga usoni.


Ijumaa, 16 Agosti

Nilimuuliza Walter walisema nini nyuma ya zizi. Akasema mambo yatatulia, mama anataka kuandikiwa vizuri. Basi jana ameandika barua. Aliiacha mezani wakati anaoga, nami nimeisoma — mke halali wa mtu anaweza kusoma.

Kurasa mbili. Ukurasa mmoja na nusu ni ng'ombe. Halafu hali ya hewa ya Kisii, kana kwamba Nyaramba wana hali ya hewa ya nchi nyingine. Halafu salamu kwa watu kumi na wanne kwa majina. Mimi sikutajwa. Taipu haikutajwa. Mjini hakukutajwa.

Nilidhani kuna ukurasa wa tatu. Niligeuza. Nilitazama hata chini ya meza.


Jumatatu, 19 Agosti

Leo nimefungua mafundo ya Manasseh na waya wake wa ua. Nilizima swichi kubwa, nikapanda mezani na uma wa kulia chakula. Kila fundo saa nzima. Utepe wake mweusi unanata kama unafiki. Kofia ya tatu iliposhuka yenyewe mpaka usoni mwangu na kusimama hapo, nilicheka kwa sauti.

Nilikuwa bado juu ya meza Josiah alipobisha. Ni mdogo wake Walter, ana pikapu ya kubebea ndizi, anaongea na miguu ya mtu badala ya uso. Ameleta ujumbe. Pikapu itakuja Ijumaa kunichukua, mimi na taa. Mzee atatangulia asubuhi kwa basi, aketi nje aelekeze namna ya kuishusha, isije ikavunjika.

Nikasema Walter hajakubali jambo hilo. Josiah alishangaa mpaka akanitazama usoni.

"Shemeji, Walter alikubali siku ileile. Nyuma ya zizi. Yeye ndiye aliyechagua Ijumaa."

Nilimwambia asante. Nikampa chai. Sijui kwa nini nilimpa chai.


Jumanne, 20 Agosti

Walter anasema ni miezi michache tu. Anasema atakuja kila Sabato. Anasema taipu haitakimbia. Anasema nimwelewe. Alisema yote hayo akitazama kitasa cha mlango, na sauti yake ilikuwa nzuri, laini, ile niliyoipenda. Ndiyo hiyohiyo. Haina kitu kingine ndani yake.

Nimemcheka Persis. Nimemcheka Manasseh. Nilikuwa nikicheka upande usiofaa wa nyumba.


Ijumaa, 23 Agosti

Lazima niandike haraka na niandike yote.

Mzee Obadiah alifika saa nne. Walter alikuwa kazini. Nilisikia kikohozi kwenye dirisha la sebule, upande wa nyuma, ndipo nikajua yuko hapo. Alikuwa ameketi juu ya debe, mgongo ukutani, chini kidogo ya dirisha, uso kwenye mahindi ya jirani. Kofia yake tu niliiona. Nilimsalimu, akaitikia akiyaelekea mahindi. Nilimpitishia chai kwa kuiweka kwenye kizingiti cha dirisha na kurudi nyuma. Aliichukua nilipokwisha kurudi.

Aliongea nami Kiswahili. Walter na mama yake hawaongei nami ila Kigusii, nami nilidhani mzee hajui lugha nyingine. Lakini ni Kiswahili cha karakana, kikavu, hakina haya. Kwa lugha yetu angelazimika kuzunguka kila neno kwa heshima. Kwa Kiswahili waya ni waya.

Aliuliza ni nini kilichotokea. Nikamweleza misumari, mafundo, mlio, harufu. Aliuliza rangi za waya wa taa. Nikapanda mezani nikatazama: kahawia, bluu, na mmoja wa mistari ya kijani na njano. Akauliza za darini. Nyekundu, nyeusi, kijani. Akauliza Manasseh aliunganisha nini na nini. Nilipomwambia kwamba nyekundu imekutana na ule wa mistari, alitema mate pembeni, kwa upole sana.

Halafu nikasema, "Baba, umekuja kuishusha."

Jirani alipita kati ya mahindi yake akamsalimu, wakaulizana habari za mvua. Alipoondoka, mzee alisema alitumwa aangalie isivunjike.

"Nyaramba tuna koroboi mbili," alisema. "Zinatutosha."

Nikangoja. Nikadhani amemaliza.

"Zima meni swichi kwanza, ile kubwa, mama. Halafu uje useme umezima."

Nilizima. Nikaja nikasema nimezima. Akanirudisha nikaangalie tena. Alisema fundi anayeamini mkono wake bila kuangalia mara mbili huzikwa na watu wanaomsifu.

Akaniagiza niing'oe misumari. Akaniambia nigonge dari kwa kifundo cha kidole nikisikiliza mpaka sauti iwe nzito, hapo ndipo pana mbao. Nikagonga. Yeye nje akisikiliza. "Hapana. Hapana. Rudi. Hapo." Aliisikia kupitia ukutani! Alitoa bisibisi kutoka kotini, ya mpini wa mti, na skrubu nne ndefu ndani ya leso, akaviweka dirishani, akasogea. Nikavichukua, nikasogea. Hatukugusana, hatukutazamana, na sijawahi kufundishwa kitu na mtu aliyenijali namna ile.

Kazi ilichukua mchana kutwa. Alikuwa na taratibu zake. Kila skrubu aliuliza imezama kiasi gani. Saa saba alisema tupumzike, akala ndizi zake, nami nikala zangu upande wa ndani. Mkono wangu wa kulia umetoka malengelenge mawili. Kahawia kwa nyekundu. Bluu kwa nyeusi. Wa mistari kwa kijani, huo ni wa ardhi, huo ndio unaookoa mtu. Kuvua ganda la waya kwa kisu bila kukata nyuzi za ndani — nilikosea mara mbili, akasema yeye alikosea mwaka mzima.

Persis alichungulia mlangoni, akaniona juu ya meza, mguu mmoja kwenye kiti, bisibisi mdomoni. Akaondoka mbio kwenda kusimulia. Nenda, mama wa benki.

Saa kumi mvua ilikuja na giza lake. Mzee hakuhama, alijibana chini ya paa tu. Nikawasha meni. Nikawasha kofia ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Sitaielezea. Rangi ya ndani ya papai, basi.

Mzee hakuweza kutazama ndani. Aliuliza inakaa? Nikaishusha mpaka mezani, nikaiachia. Inakaa, baba. Akataka niipandishe. Inakaa. Halafu aliniomba, ikiwezekana, nigeuze moja ielekee dirishani. Nikaigeuza. Mwanga ukatoka ukaanguka kwenye tope karibu naye. Aliutazama. Akasogeza kiatu kimoja ndani ya mwanga, akakiacha hapo.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Pikapu imefika. Mama Nyanchera yuko mbele na Josiah, hashuki, ana saa yake ya mkononi mbele ya uso. Sabato inaingia jua likitua, saa kumi na mbili na nusu na kitu, na barabara ya Nyaramba ina matope. Wasipoondoka sasa, hawasafiri wala hawashushi taa ya mtu mpaka kesho jioni.

Walter amekuja nao, amebeba boksi la Bwana Sorensen. Aliona mwanga, akasimama mvuani. Alizunguka nyuma kwanza kwa baba yake. Dirisha liko wazi, nilisikia kila kitu. Aliuliza kwa nini imefungwa badala ya kushushwa. Aliuliza inatokaje.

"Muulize fundi aliyeifunga," alisema mzee.

Walter akauliza ni fundi gani, Manasseh?

"Yumo ndani."

Sasa yumo humu, Walter. Amesimama mlangoni na boksi. Amesema Drusilla, tafadhali, mama atavunja Sabato kwa ajili yetu. Nimemwambia bila kuinua sauti kwamba Jumatatu ya tarehe mbili nina darasa, na kwamba bisibisi ninayo mimi. Anayetaka kuishusha ataniomba, na atanieleza mbele ya baba yake kwa nini. Mzee nje hajakohoa hata kidogo.

Naendelea kuandika. Nimeishusha kofia ya upande wake mpaka kimo cha gazeti. Kiti kiko wazi. Josiah amepiga honi mara ya tatu, ndefu.

Walter ametazama pikapu. Ametazama kiti. Amelitua boksi sakafuni, lakini mkono mmoja bado amelishikilia.